Mstari mmoja wa bajeti: namna ya kumpa depite wako swali ambalo serikali italazimika kulijibu

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu barua zinazofika mezani pangu zinakufa kwa ugonjwa uleule. Mimi ni depite (mbunge) wa mkoa, hapa Lubumbashi, Kongo (RDC). Kifungu cha 197 cha katiba kinanipa kazi mbili: kutunga sheria za mkoa na kuidhibiti serikali ya mkoa pamoja na huduma zake. Wakaaji wa komine (sehemu za mji) za Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe wananiandikia kwamba barabara imeharibika, kanivo (mfereji wa maji ya mvua) imeziba, shule haina madawati. Yote ni kweli. Lakini nikiibeba barua kama hiyo mpaka bungeni, waziri atajibu kwamba kazi inaendelea, na mimi nitakaa chini.

Hilo limenipata. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama nikaeleza mateso ya kartie (mtaa) moja kwa dakika nzima, kwa uchungu wote niliokuwa nao. Jibu lilikuwa sentensi mbili. Sikuwa na namba hata moja ya kulirudishia. Wale walionituma walikuwa wameketi juu kwenye viti vya wananchi, wakanitazama.

Tangu siku hiyo nadai vitu vitatu kabla ya kusimama: mstari wa bajeti, hatua ambayo pesa imefikia, na vipimo vya mahali penyewe. Viwili vya kwanza tunaweza kuvitafuta pamoja. Cha tatu ni chenu peke yenu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja la mraba. Karatasi za kutupatupa zinapotea.
- Mita ya fundi, na simu inayoonyesha tarehe kwenye picha.
- Nakala ya kurasa zinazohusika za édit budgétaire, yaani sheria ya bajeti ya mkoa. Kitabu kizima ni kinene. Kurasa tatu au nne zinatosha.
- Orodha ya jirani walio tayari kutia sahihi: jina, avenyu, namba ya nyumba.
- Pesa ya fotokopi. Kila barua itoke nakala mbili.
- Watu watatu, si mmoja: anayeandika, anayepima, anayetembea ofisini. Mtu mmoja akichoka, kazi yote inalala.

## Hatua ya 1: Chagua jambo moja

Barua yenye matatizo kumi humpa waziri nafasi ya kuchagua lile jepesi, alijibu kwa ufasaha na kuyaacha tisa. Chagueni moja. Mwongozo huu utafuata kanivo, kwa sababu mji wetu ukipata mvua unajieleza wenyewe.

Jambo zuri la kufuata ni lile linaloonekana kwa macho, lina mwanzo na mwisho, na watu wengi wanalipitia kila siku. "Usalama" au "umaskini" ni mambo mazito kuliko kanivo, lakini hayana mstari mmoja kwenye bajeti.

Utajua umefaulu pale mtoto wa miaka kumi na miwili akiulizwa mnafuata nini, anajibu bila kufikiri: kanivo ya avenyu fulani, kutoka shule mpaka daraja.

## Hatua ya 2: Jua pesa inatoka mfuko gani

Hapa ndipo barua nyingi zinapopotea njia. Mimi depite wa mkoa siwezi kumwita waziri wa Kinshasa ajieleze. Depite wa taifa naye, mmoja wa wale 500, anadhibiti serikali kuu.

Barabara ya taifa namba 1, ile inayokwenda Likasi upande mmoja na Kasumbalesa upande wa pili, ni ya serikali kuu: mwandikie depite wa taifa au seneta. Kazi za umma zenye manufaa kwa mkoa ni za serikali ya gavana: hizo ni zangu. Soko la komine na usafi wa mitaa, anza kwa burugumestre (kiongozi wa komine). Kanivo inaweza kuwa ya mkoa au ya komine kutegemea ukubwa wake na barabara inayoifuata, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi: "Nani anaisimamia kanivo hii?" Jibu la maandishi, hata likiwa "si sisi", ni karatasi ya kwanza ya faili yenu.

Wanaoishi karibu na machimbo wana mfuko mwingine wa kuangalia. Tangu code minier (sheria kuu ya madini) ilivyorekebishwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018, mrabaha wa madini unagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% komine, sekta au chefferie (eneo la chifu) yenye machimbo, na 10% mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mbali na hapo, kampuni inatenga 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na hiyo ina chombo chake cha kuisimamia. Msichanganye mifuko hii katika barua moja. Kila mmoja una mtu wake wa kujibu.

Onyo: mtawasikia watu wakisema mkoa hauna pesa kwa sababu Kinshasa haijarudisha. Kifungu cha 175 cha katiba kinaipa mikoa 40% ya mapato ya taifa, yakatwe kwenye chanzo. Kwa vitendo pesa hizo zimezoeleka kusubiriwa kutoka Kinshasa, na zinachelewa. Kwa hiyo sababu hiyo mara nyingi ni ya kweli. Lakini haijibu swali lenu. Kama pesa ni kidogo, bado kuna aliyeamua kipi kilipwe kwanza.

## Hatua ya 3: Tafuta mstari

Ombeni kurasa za bajeti kwangu, au kwa depite yeyote wa mji. Bajeti imeandikwa kwa Kifaransa. Mkiwa na mwanafunzi wa chuo kikuu kwenye kartie, mwiteni jioni moja akae nanyi.

Kila mstari una namba, jina la matumizi na kiasi kwa faranga. Kiasi hicho kinaitwa "crédits votés". Kisomeni vizuri: ni ruhusa ya kutumia, si pesa iliyo kwenye sanduku. Wakaaji wengi wanaona bilioni kwenye karatasi wanasema pesa imeliwa, kumbe haikuwahi kuingia. Na wengine wanaona kazi haijafanyika wanasema hakuna pesa, kumbe imelipwa zamani.

Onyo: hakikisheni mnashika bajeti iliyopigiwa kura na kutangazwa, si "projet" (rasimu). Mradi wa bajeti hubadilika kwenye tume. Nimeona kikundi kikifanya kazi ya miezi miwili juu ya mstari ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeuondoa.

Kama hakuna mstari kabisa, msisikitike. Swali lenu linageuka kuwa ombi la bajeti ijayo; rukeni mpaka hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Uliza pesa imepita milango mingapi

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi, nami naomba muisome mara mbili. Sheria namba 11/011 ya tarehe 13 Julai 2011 kuhusu fedha za umma inaweka milango minne ambayo kila faranga inapaswa kuipita kwa mpangilio. Majina yake mtayakuta kwa Kifaransa kwenye karatasi zote, kwa hiyo yakaririni.

"Engagement." Serikali inajifunga: mkataba unasainiwa, deni linazaliwa. Maswali ya mlango huu: mkataba uko wapi? Nani alipewa kazi, na zabuni ilitangazwa lini? Sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu mikataba ya umma inataka ushindani, na pale inapouruhusu mkataba wa moja kwa moja, sababu lazima iandikwe.

"Liquidation." Mtu wa serikali anathibitisha kwamba kazi imefanyika, kisha anahesabu kiasi kamili cha kulipa. Wekeni alama nyekundu hapa. Kuna sahihi ya mtu inayosema: nimeona, kanivo ipo. Vipimo vyenu vya hatua ya 5 vitawekwa kando ya sahihi hiyo.

"Ordonnancement." Mwenye mamlaka anaandika amri ya kulipa.

"Paiement." Mhasibu wa umma anatoa pesa.

Mkijua mlango ambao pesa imekwama, mnajua ugonjwa. Ikikwama kabla ya mlango wa kwanza, hakuna aliyeanza. Uliza kwa nini. Ikikwama kati ya wa tatu na wa nne, amri ipo lakini pesa haijatoka. Uliza malipo gani mengine yalitoka miezi hiyo, na kwa mpangilio gani. Swali hilo la mpangilio linaumiza kuliko yote, kwa kuwa linaonyesha kilichopendelewa. Na ikiwa imepita mlango wa pili na huko chini hakuna kanivo, basi tumetoka kwenye uzembe. Msipige kelele bado. Leteni karatasi kwanza.

Kuna pia malipo yanayopita kwa utaratibu wa dharura: pesa inatoka mbele, karatasi zinafuata nyuma. Mafuriko yanaweza kudai hivyo kweli. Ulizeni tu: karatasi zilifuata lini?

Utajua umefaulu ukiweza kuandika kwenye daftari safu nne, na chini ya kila moja tarehe au neno "hakuna".

## Hatua ya 5: Pima mahali penyewe

Kikundi kimoja cha Katuba kilinifundisha kazi hii. Tulikwenda asubuhi kwenye kanivo yao. Mama mmoja anayeuza makala (mkaa) alituita nyumbani kwake: "Onorable, kanivo ilishajaa, maji inaingia mu nyumba, kuja uone." Akatuonyesha ukuta wa sebule. Maji yalikuwa yameacha mstari wa udongo mwekundu, ulionyooka kama umepigwa kwa kamba ya fundi. Kijana aliyekuwa na daftari hakuandika "maji mengi". Alihesabu matofali kutoka sakafuni: manne na nusu. Akapima tofali moja, akaandika urefu, akaandika tarehe ya mvua kama mama alivyoikumbuka, kwamba ilikuwa siku ya maziko ya jirani yake. Wakaingia nyumba ya pili, na ya tatu. Nyumba kumi na moja, ukuta kwa ukuta.

Karatasi ile ilikuwa na nguvu kuliko hotuba zangu zote za mwaka ule.

Fanyeni hivyohivyo. Pimeni upana na kina cha kanivo kila hatua hamsini. Andikeni ilipojengwa kwa saruji, ilipo ya udongo, ilipozibwa na taka, na ilipojengewa juu yake. Hilo la mwisho andikeni hata kama aliyejenga ni jirani yenu, kwa sababu mhandisi wa serikali atakapokuja atalitaja yeye, na faili yote itaonekana ya upendeleo. Piga picha ya kibao cha kazi kama kipo: jina la mwenye mkataba na muda wa kazi. Kama hakuna kibao, piga picha ya mahali kilipopaswa kuwa.

Onyo: msipime usiku, msiingie kwenye uzio wa kampuni au ofisi, na mtaarifu shefu wa kartie kabla. Mkimpita, atakuwa wa kwanza kusema hakuwajua.

## Hatua ya 6: Andika barua ya ukurasa mmoja

Niandikieni kwa Kiswahili. Kifaransa cha bungeni nitakitafuta mimi. Mfano:

*Mheshimiwa Depite,*
*Sisi wakaaji … wa avenyu …, kartie …, komine …, tunakuomba kuiuliza serikali ya mkoa kuhusu mstari namba … wa bajeti ya mwaka …, wenye faranga … kwa ajili ya ….*
*Tarehe … tulipima kanivo hiyo. Urefu …, upana …, kina …. Sehemu iliyojengwa ni mita …. Maji yaliingia katika nyumba …. Vipimo na picha vimeambatanishwa.*
*Tunauliza: 1) Mkataba ulisainiwa lini, na nani? 2) Nani alithibitisha kazi, tarehe gani? 3) Kiasi gani kimelipwa mpaka leo? 4) Kazi iliyobaki itamalizika lini?*
*Tunaomba utujibu mbele yetu, hapa kwenye avenyu.*

Hakuna neno "wezi" katika barua hii, na msilitie. Mkimshtaki mtu bila karatasi, mjadala utageuka kuwa wa heshima yake, na kanivo itasahaulika. Swali la tarehe linamfikia kila anayehusika.

Mnaweza pia kuituma kama pétition (ombi rasmi la wananchi) kwa mamlaka yenyewe. Kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila Mkongomani haki hiyo, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeruhusiwa kushtakiwa kwa kuiandika. Kitajeni kifungu hicho kwa jirani wanaoogopa kutia sahihi. Nimeona mikono ikilegea na kuchukua kalamu baada ya kukisikia.

Nakala moja mnaiacha, ya pili inarudi na muhuri, tarehe na jina la aliyeipokea. Bila muhuri huo barua haikuandikwa.

## Hatua ya 7: Fika kwa wakati

Mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Januari na kuisha 31 Desemba. Bunge la mkoa lina vikao viwili vya kawaida, cha Machi na cha Septemba, na cha Septemba ndicho cha bajeti. Mbingu nazo zina kalenda yake: kiangazi chetu ni kuanzia Mei mpaka Septemba, na ndicho kipindi cha kuchimba na kumwaga saruji.

Wekeni kalenda hizo mbili pamoja. Mstari upo na haujatekelezwa? Barua ifike mwanzoni mwa kikao cha Machi, ili jibu litoke kabla ya kiangazi. Mkiandika Novemba, huku maji yakiwa magotini, mtapata huruma, kazi hamtapata. Mstari haupo, mnautaka? Barua ifike mwezi wa saba au wa nane, bajeti ikiwa bado inapikwa.

Na hapa ninawaomba msaada ambao karibu hakuna anayeniletea. Nikitaka kuongeza matumizi kwenye bajeti, ni lazima nionyeshe pesa itakapotoka: pato jipya, au mahali pa kupunguza. Kwa hiyo msiniletee ombi la kanivo peke yake. Kaeni na zile kurasa, angalieni mistari ya "fonctionnement" (uendeshaji wa ofisi), "frais de mission" (gharama za safari za kikazi), ukarabati wa ofisi, magari. Linganisheni na mwaka uliopita. Semeni: punguza hapa kiasi hiki, weka kule. Mimi ninaamini kwa moyo wote kwamba kudhibiti matumizi ya serikali kunaanzia hapo. Mkaaji anayeniambia cha kupunguza ananipa ujasiri wa kukitaja kwenye tume mbele ya wenzangu, maana si wazo langu tena peke yangu.

## Hatua ya 8: Nidai chombo kinachofaa

Depite ana vyombo kadhaa, na mna haki ya kuniuliza nimetumia kipi.

Swali la maandishi ni la kutafuta namba na tarehe. Anzeni hapo, lina kelele kidogo na faida kubwa. Swali la mdomo, pamoja na mjadala au bila mjadala, linafaa jibu la maandishi likiwa la kukwepa. Tume inaweza kumwita mhusika na kumsikiliza akiwa na karatasi zake. Interpellation, yaani kumwita mhusika ajieleze mbele ya bunge, ni nzito zaidi. Tume ya uchunguzi iachwe kwa kesi ile niliyowaambia, sahihi ya "liquidation" ipo na kazi haipo. Mwisho kabisa iko kura: kifungu cha 198 kinaliruhusu bunge la mkoa kumwondoa waziri au serikali nzima. Wengi wanaruka kuanzia hapo. Kura hiyo ikipigwa bila faili, waziri anaondoka, mstari unabaki vilevile.

## Hatua ya 9: Fanyeni mkutano wa jibu

Bunge likifungwa, depite anarudi kwa waliomchagua. Niiteni kwa barua, wiki mbili kabla, na mkutano uwe ukingoni mwa kanivo. Kwenye sale (ukumbi) ya hoteli kila mtu anakuwa mpole.

Tafuteni ubao wa shule. Andikeni namba tatu kubwa: iliyopigiwa kura, iliyolipwa, mita zilizojengwa. Nami nisimame kando ya ubao nieleze nilichouliza, nilichojibiwa, na nisichojibiwa. Wa kwanza kuuliza awe mama au kijana aliyepima. Mmoja aandike kila ahadi na tarehe yake, kisha ninatia sahihi palepale.

Onyo, na hili ni kwangu pia: msiniombe mifuko ya saruji siku hiyo, wala tisheti, wala kinywaji. Najua hali. Najua depite akija mikono mitupu inasemwa amesahau watu. Lakini nikileta mifuko ishirini ya saruji kutoka mfukoni mwangu, mtaziba shimo moja, mtanipigia makofi, na mstari wa bajeti utalala usingizi mzito. Wiki inayofuata nikisimama kumuuliza waziri, atasema kanivo ile imeshatengenezwa na Mheshimiwa mwenyewe. Rambirambi ya msiba ni jambo lingine, ni ujirani, na hilo siwezi kuliacha.

Utajua umefaulu watu wakiondoka na jina la anayepaswa kujibu, tarehe moja, na namba moja iliyokuwa haijulikani asubuhi.

## Hatua ya 10: Rudi kwenye hesabu za mwaka uliopita

Bajeti ikishakwisha, serikali inatoa hesabu ya ilivyotumia: "reddition des comptes". Ndiyo karatasi isiyosomwa na watu, na ukumbi wetu siku hiyo mara nyingi una viti vitupu. Njooni siku hiyo. Tafuteni mstari wenu uleule, namba ileile, muone kilichoandikwa kwenye safu ya malipo, mkilinganishe na safu nne za daftari lenu. Zikitofautiana, fotokopi ya kurasa zote mbili ifike kwangu kabla kura haijapigwa.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uacheni wazi. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mwenye mita arudi kwa yule mama wa makala, kwenye ukuta uleule, ahesabu matofali.